Kumpima Mdakaji Kabla ya Msimu: Funzo la Tathmini kutokana na Kikosi cha New England Patriots cha Mwaka 2007

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wadakaji wa pembeni wa timu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani wanavyoweza kutathminiwa kabla ya msimu kuanza. Mfano unaotumiwa ni wa kikosi cha New England Patriots katika miezi iliyotangulia msimu wa mwaka 2007. Hoja kuu ni kwamba takwimu za msimu uliopita si mali ya mchezaji peke yake. Ni zao la mikono mingi, na mwenye kutathmini hana budi kuitenga kazi ya mchezaji na mazingira aliyoifanyia kabla ya kutoa hukumu. Aidha, makala inaonyesha kwamba kundi la wadakaji hupimwa kwa jinsi wanavyokamilishana, wala si kwa kujumlisha sifa za mmoja mmoja.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuhakiki kazi iliyokwisha kukamilika. Riwaya huchapishwa, mhakiki akaisoma toka mwanzo hadi mwisho, ndipo akatoa kauli yake. Ipo, hata hivyo, tathmini ya aina nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni ile ya kumpima mtu kwa kazi ambayo bado hajaifanya. Mwalimu anayewagawa wanafunzi katika makundi, mhariri anayeamua kumpa mwandishi chipukizi nafasi, na mkufunzi anayechagua wachezaji wa msimu ujao, wote hao huhukumu kabla ya ushahidi kukamilika. Hukumu yao inapokosea, anayeumia kwanza ni yule aliyehukumiwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tumeuchagua mchezo usiochezwa sana katika mazingira yetu. Sababu ni tatu. Kwanza, mchezo huu huhesabu karibu kila kitu, na utabiri unaotolewa kabla ya msimu hupata jibu katika muda wa miezi michache. Pili, mdakaji wa pembeni ni mchezaji anayewategemea wenzake kuliko wengi wengine uwanjani, hivyo humfunza mhakiki kutofautisha kazi ya mtu na bahati yake. Tatu, ni muhimu kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuujadili mchezo wa kigeni bila kuegemea msamiati wa Kiingereza kila hatua. Lugha haikui kwa kusifiwa majukwaani. Hukua kwa kutumiwa.

2.0 Mchezo na Istilahi Zake

Katika makala hii tunatumia istilahi "futiboli ya Kimarekani" ili kuutenga mchezo huu na kandanda. Mpira wake una umbo la yai, kama ule wa raga, na sheria zake zinaruhusu kuurusha mbele kwa mkono. Kila timu huingiza wachezaji 11. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya mabao. Timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 4, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho ni bao la pointi 6.

Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira tutamwita mrushaji. Mbele yake husimama wakingaji, ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Mdakaji wa pembeni ni yule anayejipanga karibu na ukingo wa uwanja, hukimbia njia iliyopangwa kabla, kisha huutarajia mpira mahali fulani na kwa wakati fulani. Mwenzake anayejipanga kati ya ukingo na wakingaji tutamwita mdakaji wa ndani. Anayewakabili wadakaji ni beki wa pembeni, na anayelinda eneo la mbali ni beki wa nyuma. Maneno haya ya mwisho msomaji anayafahamu kutoka kwenye kandanda, nasi hatuna haja ya kubuni mapya pale ambapo ya zamani yanatosha.

Neno "kudaka" limeteuliwa kwa makusudi badala ya "kupokea". Anayepokea hupewa kitu mkononi, ilhali anayedaka hukinyakua kikiwa hewani, aghalabu mbele ya mtu mwingine anayekitaka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi tunayoitathmini.

3.0 Vigezo vya Tathmini

Takwimu za kawaida za mdakaji ni tatu: idadi ya mipira aliyodaka, jumla ya yadi alizopata, na idadi ya mabao. Takwimu hizi ni sahihi kama rekodi ya yaliyotukia. Kasoro huanza pale zinapogeuzwa kuwa maelezo ya uwezo wa mchezaji. Ili mdakaji aandikiwe mpira mmoja tu, ni sharti mkufunzi apange njia inayofaa, wakingaji wamlinde mrushaji kwa sekunde mbili au tatu, mrushaji amwone na amlenge vyema, na wadakaji wengine wawavute mabeki waliobaki. Mdakaji mwenyewe ni mmoja katika mnyororo huo mrefu. Kwa hiyo tunapendekeza vigezo vitano vifuatavyo.

(i) Kujinasua. Hiki ndicho kigezo cha kwanza kwa uzito. Mdakaji anayeweza kujitenga na beki kwa hatua moja au mbili amefanya sehemu kubwa ya kazi yake hata kama mpira haukurushwa kwake. Kigezo hiki hakionekani katika jedwali. Huonekana kwa anayezitazama picha za mechi na kumfuatilia mchezaji mmoja tangu mpira unapoanzishwa hadi filimbi. Wako wanaojinasua kwa kasi, wako wanaojinasua kwa kugeuka ghafla, na wako wanaotumia urefu wa mwili kuufikia mpira wasioufikia wengine.

(ii) Mikono. Tunachunguza ni mipira mingapi iliyomfikia ikamponyoka, na katika mazingira gani. Mpira unaomponyoka mtu aliyebanwa na mabeki wawili haulingani na unaomponyoka aliye peke yake.

(iii) Mwendo baada ya kudaka. Wapo wadakaji wanaoanguka pale pale walipodakia, na wapo wanaougeuza mpira wa yadi 4 kuwa wa yadi 12. Kwa mdakaji wa ndani, ambaye hurushiwa mipira mifupi, kigezo hiki ni cha lazima.

(iv) Afya na kazi isiyosifiwa. Mchezaji hodari asiyeweza kucheza hana faida kwa timu siku hiyo. Vilevile, kuna kazi ya kuwakinga wapinzani mwenzake anapokimbia na mpira, ambayo haiandikwi popote lakini wakufunzi huikumbuka wanapopunguza kikosi hadi wachezaji 53.

(v) Mazingira ya takwimu. Hapa tunauliza: nani alikuwa akimrushia? Wakingaji walikuwa imara? Timu ilikuwa na wadakaji wengine wa kuwashughulisha mabeki? Kigezo hiki hakimwongezei mchezaji sifa wala hakimpunguzii. Kinatuonyesha tu namna ya kuzisoma sifa zilizoandikwa.

4.0 Hali ya Kikosi Mwanzoni mwa Mwaka 2007

Timu ya New England Patriots ilikuwa imetwaa ubingwa mara tatu katika misimu ya 2001, 2003 na 2004, ikiongozwa na mkufunzi Bill Belichick na mrushaji Tom Brady. Mwaka 2006, wadakaji wake wawili wakuu waliondoka. David Givens alihamia Tennessee, na Deion Branch, aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya Februari 2005, alipelekwa Seattle mnamo Septemba 2006 baada ya mvutano kuhusu mkataba.

Pengo hilo lilizibwa kwa wachezaji waliopatikana. Reche Caldwell aliongoza kwa mipira 61, yadi 760 na mabao 4. Timu ilishinda mechi 12 kati ya 16 na kufika nusu fainali, ambako tarehe 21 Januari 2007 ilishindwa na Indianapolis Colts kwa pointi 38 kwa 34 baada ya kuongoza kwa 21 kwa 3. Katika mechi hiyo Caldwell aliponyokwa na mpira akiwa hana beki karibu naye.

Uongozi wa timu haukulala. Katika kipindi cha Machi na Aprili 2007 uliwaleta Wes Welker kutoka Miami, Donté Stallworth aliyekuwa Philadelphia, na Randy Moss kutoka Oakland. Walikuwapo pia Jabar Gaffney, mkongwe Troy Brown, na kijana Chad Jackson aliyeteuliwa mwaka 2006. Basi swali lililowakabili wapenzi wa timu mwezi Agosti lilikuwa hili: je, kundi hili limekuwa bora, au limebadilika majina tu?

5.0 Tathmini ya Wadakaji

Ni rahisi kuwa mwerevu baada ya tukio. Kwa sababu hiyo, katika sehemu hii tutajifunga kwa yale yaliyojulikana kabla ya mechi ya kwanza, na matokeo tutayaacha hadi sehemu inayofuata.

5.1 Reche Caldwell

Tukianza na jedwali, Caldwell angekuwa wa kwanza, maana ndiye aliyedaka mipira mingi kuliko mwenzake yeyote katika timu mwaka 2006. Lakini kigezo cha tano kinatuzindua. Mrushaji wa kiwango cha Brady atarusha mamia ya mipira kwa msimu, na lazima pawe na wa kuidaka. Aliyeongoza katika kundi lililopungukiwa ameongoza kundi hilo. Hajathibitisha kwamba angeongoza kundi jingine. Hii si kusema kwamba Caldwell hakuwa mchezaji. Tunachosema ni kwamba namba 61 ilieleza nafasi aliyopewa zaidi ya ilivyoeleza uwezo wa kujinasua.

5.2 Wes Welker

Welker alikuwa na kimo cha sentimita 175 hivi, na hakuna timu iliyomteua alipotoka chuoni mwaka 2004. San Diego walimsajili, kisha wakamwacha baada ya mechi moja tu. Mwaka 2006 akiwa Miami alidaka mipira 67 kwa yadi 687, na bao moja pekee. Anayepima kwa mabao angemwona kuwa wa kawaida. Hata hivyo, Patriots walitoa nafasi ya duru ya 2 na nyingine ya duru ya 7 katika uteuzi wa wachezaji wa vyuo ili wampate. Hiyo ni bei kubwa kwa mtu wa bao moja.

Walichokiona kilikuwa ni ubora wa vigezo vya kwanza na vya tatu. Wastani wake wa yadi 10 kwa kila mpira ulitokana na mipira mifupi iliyorefushwa na miguu yake. Hakuwakimbia mabeki, aliwageukia. Kwa mrushaji anayetoa mpira upesi kama Brady, mdakaji wa ndani wa namna hiyo ni kama mwandani anayemaliza sentensi uliyoianza. Kwa vigezo vyetu, Welker alistahili kupewa nafasi ya kudumu tangu mwanzo.

5.3 Donté Stallworth

Stallworth aliteuliwa katika duru ya 1 na New Orleans mwaka 2002, na sifa yake kuu ilikuwa kasi. Mwaka 2006 alidaka mipira 38 kwa yadi 725, yaani wastani wa yadi 19 kwa mpira. Ni wastani wa kuvutia. Tatizo lake lilikuwa kigezo cha nne, kwa kuwa alikosa mechi 4 za msimu huo na maumivu ya misuli yalikuwa yakimwandama. Kwa hiyo tathmini ya haki ingekuwa hivi: kasi yake itawalazimisha mabeki wa nyuma kusimama mbali hata asiporushiwa mpira, lakini isijengwe mipango inayomtegemea kila juma.

5.4 Randy Moss

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Moss aliingia katika ligi mwaka 1998 na timu ya Minnesota, akafunga mabao 17 ya kudaka katika msimu wake wa kwanza, idadi ambayo hakuna mgeni wa ligi aliyekuwa ameifikia. Mwaka 2003 alidaka mipira 111 kwa yadi 1,632 na mabao 17. Mwaka 2005 alihamishiwa Oakland. Mwaka 2006 alidaka mipira 42 tu, yadi 553 na mabao 3. Februari 2007 alitimiza miaka 30. Aidha, alikuwa amekiri hadharani kwamba kutoridhika kulikuwa kumempunguzia umakini. Mwezi Aprili Oakland walimtoa kwa nafasi moja ya duru ya 4, naye akakubali kupunguziwa malipo kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa kipimo hicho, mchezaji anayeuzwa kwa bei ya duru ya 4 ni kibaya kinachotembezwa. Lakini hebu tukitumie kigezo cha tano. Oakland ya mwaka 2006 ilishinda mechi 2 na kupoteza 14. Ilifunga jumla ya pointi 168 kwa mechi 16, na warushaji wake waliangushwa wakiwa na mpira mkononi mara 72. Sifa ya Moss ilikuwa mpira wa mbali. Mpira wa mbali unahitaji muda, nao muda hutolewa na wakingaji. Mrushaji anayeangushwa zaidi ya mara 4 kwa kila mechi hana muda wa kumtazama mtu aliye yadi 40 mbele. Kwa hivyo namba zile zilikuwa taarifa kuhusu Oakland kabla ya kuwa taarifa kuhusu Moss.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hapaswi kuyageuza mazingira kuwa kisingizio cha kila jambo. Ukosefu wa umakini ulikuwa wake mwenyewe. Umri ulikuwa wake. Isitoshe, msuli wa nyuma ya paja ulimzuia kucheza mechi zote 4 za matayarisho, hivyo hapakuwa na ushahidi mpya wa kumwokoa wala wa kumwangamiza. Kauli ya haki mwezi Agosti ingekuwa hii: kimo cha sentimita 193 hakijapungua, ujuzi wa kuupima mpira hewani haupotei kwa mwaka mmoja, na gharama ni ndogo. Kinachobaki ni moyo, na moyo haupimwi kwa jedwali.

Mwandishi wa makala hii anaomba radhi kwa kuleta kisa chake. Alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili, alikabidhiwa orodha ya alama za muhula uliotangulia, naye akawapanga wanafunzi wa Kiswahili kwa kuifuata. Mvulana aliyekuwa chini kabisa aliwekwa katika kundi la wanyonge, nyuma ya darasa. Majuma matano yalipita kabla mwalimu huyo mwanagenzi hajagundua kwamba mvulana yule aligawana kitabu kimoja na wenzake wanne, na kwamba zamu yake ya kukichukua nyumbani ilikuwa siku moja kwa juma. Alipoombwa kusimulia ngano kwa mdomo, darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Alama katika orodha zilikuwa sahihi. Hukumu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Majuma yale matano hayakurudi.

5.5 Waliobaki

Jabar Gaffney hakuwa na namba kubwa katika msimu wa kawaida wa 2006, lakini katika mechi mbili za kwanza za mtoano alipita yadi 100 kila mara. Alikuwa mtu wa kutegemewa kama wa nne, na kundi lisilo na wa nne wa kutegemewa huvunjika siku wa kwanza anapoumia. Troy Brown, aliyekuwa na timu tangu mwaka 1993, alikuwa jeruhi, na umri ulikuwa umempita. Hata hivyo, mtu aliyekubali kucheza kama beki mwaka 2004 timu ilipopungukiwa ni mwalimu wa vijana hata akiwa amekaa benchi. Chad Jackson alikuwa ameumia goti Januari 2007, na haingekuwa haki kumhukumu kabla hajapona.

5.6 Kundi kwa Ujumla

Tukiwaweka pamoja, tunaona kwamba kila mmoja alikuja na kazi yake. Moss angewavuta mabeki wawili kwenda mbali. Stallworth angetishia upande wa pili. Nafasi waliyoiacha katikati ingekuwa shamba la Welker. Gaffney angeingia popote penye pengo. Kundi la namna hii hupita jumla ya wachezaji wake, maana kila mmoja huipunguzia kazi ya mwenzake ugumu. Timu inayokusanya wadakaji watatu wanaofanana, hata wawe hodari namna gani, huwarahisishia wapinzani ulinzi.

6.0 Msimu Ulivyojibu

Kikosi kilipopunguzwa kabla ya msimu, Caldwell, aliyekuwa kinara wa mwaka uliopita, aliachwa. Tarehe 9 Septemba 2007, katika mechi ya kwanza dhidi ya New York Jets, Moss ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja ya matayarisho alidaka mipira 9 kwa yadi 183, likiwemo bao la yadi 51 alilolifunga kwa kuwapita mabeki watatu. Patriots walishinda kwa 38 kwa 14.

Hadi mwisho wa msimu wa kawaida Welker alikuwa amedaka mipira 112 kwa yadi 1,175 na mabao 8. Moss alidaka 98 kwa yadi 1,493 na mabao 23, na kuivunja rekodi ya mabao 22 iliyowekwa na Jerry Rice mwaka 1987. Ni vyema kukumbuka kwamba Rice aliiweka kwa mechi 12 tu, jambo linalothibitisha tena kuwa namba haisomwi bila mazingira yake. Stallworth alidaka 46 kwa yadi 697, na Gaffney 36. Brady, aliyerusha mabao 24 mwaka 2006, alirusha 50. Timu ilitoka pointi 385 hadi 589 na ikashinda mechi zote 16. Rekodi ya pointi iliyovunjwa, 556, ilikuwa ya Minnesota ya mwaka 1998, timu ambayo Moss huyo huyo aliichezea akiwa mgeni.

Bao la 23 la Moss lilipatikana tarehe 29 Desemba 2007 dhidi ya New York Giants, na lina funzo lake. Mpira mmoja wa mbali ulikuwa umemponyoka. Mchezo uliofuata, Brady alimrushia mwingine wa mbali kwa njia iyo hiyo, naye akaudaka na kukimbia hadi mwisho, yadi 65. Mrushaji alikuwa na sababu ya kumwacha, lakini alimpima kwa ujuzi alioujua wala si kwa kosa la dakika iliyopita.

Je, vigezo vyetu vingeyatabiri hayo yote? La. Hakuna kigezo kilichoweza kutaja mabao 23. Vigezo vingetuambia tu kwamba tusimtupe Moss kwa namba za Oakland, tusimkweze Caldwell kwa namba za upungufu, na tusimdharau Welker kwa bao lake moja. Tathmini nzuri haitabiri ushindi. Huzuia dhuluma na upofu.

Tena msimu huo haukuisha kwa furaha. Tarehe 3 Februari 2008 huko Arizona, Giants hao hao waliwashinda Patriots katika fainali kwa 17 kwa 14. Welker alidaka mipira 11 siku hiyo, na Moss alifunga bao. Lakini Brady aliangushwa mara 5. Wadakaji walikuwa wale wale. Uliokosekana ni muda. Kilichomnyima Moss namba huko Oakland kiliinyima timu nzima ubingwa usiku mmoja. Kwa mara nyingine kigezo cha tano kilitoa ushahidi, safari hii kwa uchungu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba kumtathmini mdakaji wa pembeni kabla ya msimu ni kazi ya uhakiki kama zilivyo nyingine. Inahitaji vigezo vilivyotajwa waziwazi, usomaji wa karibu wa kile ambacho jedwali halikionyeshi, na ujasiri wa kuyatenga mazingira na mtu bila kumwondolea mtu huyo wajibu wake. Imeonyesha pia kwamba kundi hupimwa kwa kukamilishana. Kuhusu lugha, msomaji ataamua mwenyewe iwapo maneno mdakaji, mrushaji, mkingaji na kujinasua yamebeba mzigo waliotwikwa. Istilahi bora kuliko hizi zikipatikana, mwandishi atazipokea kwa mikono miwili.

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tutakuwa walimu, wahariri na watahini. Tutakabidhiwa orodha nyingi zenye namba zilizoandikwa na wengine, katika mazingira tusiyoyashuhudia. Tuzisome, maana zina ukweli ndani yake. Lakini kabla ya kumpeleka mtu nyuma ya darasa, tuulize kwanza ni nani alikuwa akimrushia mpira, na alipewa sekunde ngapi.